Mlipuko wa nyuklia: kelele yake ni kiasi gani kweli, na inamfanya nini binadamu?

Kizuiani Boy ameandika:

Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni ulizuka ubishi mkubwa, mpaka tunaachana hakuna aliyekubali kushindwa, nimeona nilete humu kwa wajuzi. Jamaa mmoja anasema bomu la nyuklia likipigwa mji mmoja basi watu wa mikoa yote ya jirani wanakuwa viziwi palepale, eti kelele yake ni desibeli 240 na masikio yanapasuka hata ukiwa kilomita mia. Mwingine akamkatalia, anasema kuna watu walikuwepo Hiroshima siku ile, wakapona, na wenyewe wamesema hawakusikia mlio wowote, waliona mwanga tu halafu wakajikuta chini ya kifusi. Sasa haya mawili yanakaaje pamoja? Kitu kinachopasua masikio ya mkoa mzima kinakuwaje kimya kwa mtu aliyekuwa palepale?

La pili, zile klipu za zamani za majaribio ya Wamarekani, mwanga ukiwaka tu unasikia BUUUM hapohapo. Mimi nilikuwa Mbagala 2009 yale mabomu ya kambini yalipolipuka na ninavyokumbuka unaona kwanza ndio kishindo kinakuja, tena hatukuwa mbali sana. Kwahiyo hizo klipu zina ukweli au wameweka sauti wenyewe?

Na la mwisho ndio linaniumiza kichwa zaidi, hicho kinachoua ni kelele yenyewe au ni kitu kingine? Maana watu wanaongea kuhusu moto na mionzi tu, huu upande wa kishindo sioni mtu akiuelezea vizuri. Naombeni majibu ya mtu anayejua, sio ya kubahatisha, nitaenda kuyasoma kwa sauti kijiweni.

---

Ticha wa Fizikia:

Mkuu swali lako ni zuri na wote wawili wa kijiweni wana kipande cha ukweli, ila huyo wa desibeli 240 kapotea.

Tuanze na hiyo namba. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa, kusukumwa na kuvutwa, ndio inafika sikioni. Hewa ya kawaida tunayokaa nayo ina presha ya kilopaskali 101 hivi. Sasa kwenye ule upande wa kuvuta kuna mwisho, ukishaitoa hewa yote ikabaki tupu kabisa huna tena cha kuvuta. Mwisho huo ukiupiga hesabu unakuja kwenye desibeli kama 194. Juu ya hapo hakuna tena sauti kwa maana ya sauti, kinachobaki ni upande mmoja tu, msukumo, ukuta wa hewa iliyobanwa unaosafiri kwa kasi kuliko sauti yenyewe. Hilo ndilo wimbi la mshtuko. Hizo namba za 220, 240, 280 zinazozunguka mitandaoni mtu kachukua presha akaiingiza kwenye fomula ya desibeli, fomula haikatai, inatoa namba, lakini namba hiyo sio kelele ambayo sikio la mtu linaweza kuipima. Na namba ya desibeli bila kutaja umbali haina maana yoyote, ni sawa na kusema "moto una nyuzi 60" bila kusema umesimama wapi.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, desibeli hazipandi kama shilingi. Ukiongeza desibeli 20 presha imezidi mara 10. Kilopaskali 7, ambayo ni presha ya kuvunja vioo vya madirisha karibu vyote, ni kama desibeli 171. Kilopaskali 35, ambayo inaangusha nyumba nyingi za kawaida, ni kama 185. Umeona? Kutoka kioo kuvunjika mpaka nyumba kudondoka ni desibeli 14 tu. Kwahiyo ukitaka kuelewa mlipuko mkubwa achana na desibeli, uliza presha ilikuwa ngapi na ilikaa muda gani.

Huo muda ndio siri kubwa ya nyuklia, naomba nikae hapa kidogo. Bomu la kawaida, mzinga au kombora, linapiga hewa kwa milisekunde chache, kama kofi. La nyuklia la ukubwa wa Hiroshima msukumo wake unakaa karibu nusu sekunde mpaka sekunde nzima, na yale makubwa zaidi ya megatoni yanafika sekunde kadhaa. Ukuta unaweza kuvumilia presha fulani ikiwa ya ghafla sana, lakini presha hiyohiyo ikiegemea ukuta kwa sekunde nzima, ukuta unaenda. Na nyuma ya wimbi kunafuata upepo, pale kwenye kilopaskali 35 upepo wake ni kama kilomita 260 kwa saa, halafu ukishapita hewa inageuka inavuta kurudi ilikotoka. Kwahiyo nyumba inasukumwa, inapulizwa, halafu inavutwa. Energia ya mlipuko wa hewani inagawanyika hivi kwa makadirio: nusu inaenda kwenye hili wimbi, thuluthi na zaidi kidogo kwenye mwanga na joto, iliyobaki ndio mionzi.

Kuhusu klipu. Nyingi zimewekewa sauti baadaye, hisia zako ni sahihi kabisa. Mwanga unafika papo hapo, sauti inatumia kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Kamera ziliwekwa kilomita nyingi kutoka pale, haiwezekani BUUUM ije na mwanga. Ipo moja halisi maarufu, jaribio la Annie, Nevada, Marekani, tarehe 17 Machi 1953, kilotoni 16 (yaani nguvu ya tani 16,000 za baruti ya TNT), karibu sawa na la Hiroshima. Waandishi wa habari waliwekwa kilomita kama 11 kutoka kwenye mnara uliobeba bomu. Itafute. Mwanga unawaka, unasikia watu wanaongea kwa chini, zinapita sekunde kama 30, halafu unakuja mlio mmoja mkali mkavu kama bunduki, PA!, na nyuma yake ngurumo ndefu inayozunguka milimani. Haifanani hata kidogo na sauti za kwenye sinema.

---

Kizuiani Boy:

Ticha ubarikiwe, nimesoma mara mbili. Lakini hujanijibu la Hiroshima, ilikuwaje wasisikie?

---

Ticha wa Fizikia:

Nilikuwa nakuja huko. Bomu la Hiroshima, 6 Agosti 1945 saa 2 na robo asubuhi, lilikuwa na nguvu ya kilotoni kama 15 na lilipasuliwa hewani, mita karibu 600 juu ya mji. Halikuwahi kugusa chini. Walifanya makusudi, maana wimbi likishuka likagonga ardhi linaruka, likiruka linaungana na lile la kwanza na kuwa ukuta mmoja mzito unaosafiri chinichini, unapiga nyumba ubavuni, kwahiyo mji unaoharibika ni mkubwa kuliko lingelipuka chini. Presha ya kuangusha nyumba ilifika mpaka kama kilomita 1.7 kutoka katikati.

Sasa mtu aliyekuwa ndani ya hizo kilomita mbili, wimbi lilimfikia ndani ya sekunde chache tu, na halikumfikia kama mlio, lilimfikia kama nyumba kumwangukia. Wengi walipoteza fahamu. Manusura wengi wa karibu wanasimulia mwanga mweupe halafu giza na vumbi, mlio hawaukumbuki. Waliokuwa mbali, kilomita kumi, ishirini na zaidi, hao ndio walisikia kishindo kikubwa, kwa sababu kule wimbi limeshapungua limekuwa sauti ya kawaida. Kwahiyo jamaa yako wa pili kijiweni yuko sahihi.

Mpaka mwaka ule wa 1945 unaisha watu wanaokadiriwa 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima peke yake. Tunapobishana habari za desibeli tusilisahau hilo.

---

Msafiri KE:

Salamu kutoka Nairobi wadau. Ticha ameeleza vizuri sana, nilikuwa nataka kuongeza hapo kwa wimbi na kasi yake. Kuna ile test ya kwanza kabisa, Trinity, 16 Julai 1945 kule New Mexico. Mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa amesimama karibu kilomita 16 kutoka kwa bomu, akawa anaangusha vipande vya karatasi kutoka mkononi. Kama sekunde 40 baada ya mwanga wimbi likafika, karatasi zikasukumwa kama mita mbili na nusu, na kutoka kwa hiyo tu akakadiria nguvu ya bomu kuwa sawa na tani 10,000 za TNT. Vipimo vya baadaye vilionyesha ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo, lakini kwa mtu ako na karatasi tu hiyo ni kazi kubwa. Sasa piga hesabu, kilomita 16 kwa mwendo wa sauti ni sekunde 47 hivi, na yeye alisema kama 40. Wimbi lilianza safari likiwa na kasi kuliko sauti, hiyo ni sababu mojawapo ya kufika mapema.

Pia mjue kuna kitu inaitwa infrasaundi, sauti ya chini sana, chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, sikio la binadamu haliishiki kabisa. Milipuko mikubwa inatoa hiyo kwa wingi na inasafiri mbali ajabu bila kuchoka. Shirika la mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, CTBTO, lina mtandao wa vituo dunia nzima vya kusikiliza hiyo kitu, na kimoja kiko hapa kwetu Nairobi. Nyinyi Dar mnacho cha kupima chembe za mionzi kwenye hewa. Watu wengi hapa wanapita tu hawajui. Ile volkano ya Tonga ya 15 Januari 2022, vituo vyote 53 vya infrasaundi vilivyokuwa vinafanya kazi viliinasa, na wimbi likazunguka dunia zaidi ya mara moja. Likatupitia na sisi juu ya vichwa na hakuna mtu alishtuka hata.

---

Mwana Katanga:

Bandugu jambo, miye niko Lubumbashi. Hapa kwetu hii habari ya Hiroshima inatugusa kwa njia ingine, kwani sehemu kubwa ya urani ya lile bomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilichimbwa na wazee wetu wakati wa Wabelgiji bila kuambiwa inaenda kufanya nini. Watu wakihesabu nani aliguswa na bomu lile huwa hawafikiri kuanza na wale wachimbaji, mimi naona wangeanza nao.

Kwa upande wa kishindo nitatoa mfano wa karibu. Tarehe 4 Machi 2012 ghala la silaha lililipuka Brazzaville, mtaa wa Mpila. Ng'ambo ya mto ni Kinshasa. Vioo vilivunjika Kinshasa, mto mzima katikati, watu wakafikiri vita imeanza. Swali langu kwa Ticha: maji yanasaidia sauti kufika mbali ama yanaipunguza?

---

Ticha wa Fizikia:

Ndugu wa Lubumbashi karibu, na hilo la Shinkolobwe asante kwa kulileta, shuleni tunafundisha Hiroshima kama vile urani ilitoka mbinguni.

Maji hayapunguzi, tena uso wa mto ni tambarare hauna majengo wala vilima vya kukinga, na asubuhi hewa inayogusa maji inakuwa ya baridi kuliko ya juu yake, sauti ikipanda inapindwa kurudi chini. Ndio maana ukiwa ziwani asubuhi unasikia mtu anaongea ng'ambo.

Na hilo linatupeleka kwenye jambo ambalo liliwashangaza hata Wamarekani wenyewe. Sauti haisafiri kwa mstari ulionyooka. Inapanda mpaka kwenye tabaka la juu la hewa lenye joto, inapindwa, inashuka mbali. Katikati pale panabaki eneo kimya. Majaribio ya Nevada mwaka 1951 yalivunja vioo vya maduka Las Vegas, zaidi ya kilomita 100, wakati sehemu za katikati watu wanaweza wasisikie kitu cha maana. Baada ya hapo wakawa wanaangalia hali ya hewa kwanza, upepo wa juu unaelekea wapi, ndio walipue.

Bomu kubwa kuliko yote, la Warusi, Novaya Zemlya, 30 Oktoba 1961, megatoni 50, yaani kilotoni 50,000. Lilishushwa kwa parachuti ili ndege ipate muda wa kukimbia, likalipuka kilomita 4 juu ya ardhi, na bado wimbi liliikuta ndege ikiwa imeshafika zaidi ya kilomita 100, ikaporomoka kama kilomita nzima angani kabla rubani hajaikamata tena. Vioo vilivunjika kisiwa cha Dikson, kilomita karibu 780. Vipima hewa vilinasa wimbi lake likiizunguka dunia mara tatu.

Lakini hapa kuna hesabu ambayo watu wa kijiweni lazima waisikie. Lile la Warusi lilikuwa na nguvu kama mara 3,300 ya la Hiroshima. Mtu anadhani basi uharibifu unafika mbali mara 3,300. Hapana. Umbali wa kishindo unakua kwa kipeuo cha tatu cha nguvu, ukizidisha nguvu mara 8 umbali unazidi mara 2 tu, ukizidisha mara 1,000 umbali unazidi mara 10. Kwahiyo mara 3,300 inakupa umbali mara 15 tu. Nguvu inajaa kila upande, juu, chini, pembeni, nyingi inapotelea angani. Hii ndio sababu mojawapo mataifa yenye haya mabomu yaliacha kutengeneza makubwa yakaenda kwenye madogo mengi, maana kumi ya wastani yenye jumla ya nguvu ileile yanabomoa eneo kubwa kuliko moja la kutisha. Na mimi hilo ndilo linanitisha zaidi kuliko Novaya Zemlya.

---

Pwani Yetu (Unguja):

Jamani, mnazungumza kelele kubwa hamjaitaja Krakatoa? Tarehe 27 Agosti 1883, volkano ya kisiwa huko Indonesia. Kishindo chake kilisikika kisiwa cha Rodrigues, bahari yetu hii hii ya Hindi, karibu kilomita 4,800, na kilichukua saa nne kufika. Mkuu wa polisi wa pale aliandika kwamba amesikia milio kama ya mizinga mikubwa upande wa mashariki. Batavia (Jakarta ya leo), kilomita 160 kutoka kwenye volkano, kipimo cha presha cha kiwanda cha gesi kilipanda mpaka kiwango ambacho wataalamu wakikigeuza kinatoa desibeli 172 hivi. Kwa ile hesabu ya Ticha hiyo ni presha ya kuvunja vioo, na ni kilomita 160!

Na huku kwetu ilifika kwa namna yake. Yale mawe mepesi ya volkano, haya ya kusugulia miguu, yalielea baharini mwaka mzima mpaka yakatua pwani za Afrika Mashariki, Unguja ikiwemo. Kelele hatukuisikia, mawe tuliyapata.

---

Nesi wa Zamu:

Nimesoma uzi wote, wakaka mmeeleza vizuri upande wa hewa, naomba niingie upande wa mwili maana ndio swali la mwisho la mleta mada na halijajibiwa.

Ngoma ya sikio inaanza kupasuka presha ikifika kama kilopaskali 35. Ikifika 100, nusu ya watu zimepasuka. Mapafu yanahitaji presha kubwa kuliko ile ya mwanzo ya sikio ili yaumie, na yakiumia ndio hatari yenyewe, kwa sababu yana vifuko vidogo vya hewa na kila sehemu ya mwili yenye hewa ndani ndio inayominywa: masikio, mapafu, utumbo. Mtu anaweza kuja hana jeraha hata moja nje, anaongea, halafu anaanza kukosa pumzi. Huyo usimwache benchi anasubiri eti wenye damu wapite kwanza.

Sasa rudi kwa Ticha, kilopaskali 35 ndio hiyohiyo inaangusha nyumba. Maana yake ni kwamba kwenye mlipuko wa nyuklia, mtu aliye karibu kiasi cha kupasuka masikio kwa kawaida ana matatizo makubwa zaidi kuliko masikio. Nyumba imemwangukia, ameungua, amerushwa akagonga ukuta, amepigwa na mbao na mabati. Ndio maana hata kwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki ngoma za masikio zilizopasuka hazikuwa nyingi, waliokuwa karibu kiasi hicho wengi hawakubaki hai wa kupimwa. Uziwi wa mkoa mzima ni uongo. Ukiwa kilomita mia masikio yako yako salama.

Kitu ambacho kinanifanya niandike yote haya ni vioo. Naomba mnisikilize hapa. Tarehe 15 Februari 2013 kimondo kililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, kilomita kama 30 juu, nguvu yake kilotoni 400 mpaka 500. Hakikuwa na mionzi wala hakikuunguza mji. Watu kama 1,500 wakaumia. Kwanini? Waliona mwanga mkali kuliko jua, wakaenda madirishani kuangalia ni nini. Zikapita dakika mbili na zaidi, kimya. Wamesimama pale uso kwenye kioo, ndio wimbi likafika. Wengi wa walioumia waliumizwa na vioo. Mwalimu mmoja pale alipoona mwanga aliwaambia watoto 44 wa darasa lake waingie chini ya madawati, hakuna mtoto hata mmoja aliyekatwa, yeye mwenyewe ndio alikatwa mkono. Hakujua ni nini kimelipuka. Alijua tu kuna kitu kinakuja.

Beirut hivyohivyo, 4 Agosti 2020, ile shehena bandarini ya tani 2,750 za ammonium nitrate, kemikali ya mbolea. Watu walikuwa wanarekodi moshi kwa simu kutoka madirishani na vibarazani, maana ilianza na moto mdogo, na klipu nyingi mlizoona zinakatika ghafla ni kwa sababu hiyo. Zaidi ya watu 200 walikufa, kishindo kikasikika mpaka Cyprus, kilomita zaidi ya 200, na nguvu yake wanaikadiria kuwa karibu na kilotoni 1 au chini ya hapo. Hebu fikiria zile 15 za Hiroshima.

Kwahiyo ukiona mwanga wa ajabu angani au moto mkubwa mahali penye mizigo ya hatari, usikimbilie dirisha na usitoe simu. Geuka, usiutazame mwanga, lala kifudifudi nyuma ya ukuta mnene au chini ya meza imara mbali na kioo, funika kichwa na shingo, na usiinuke mwanga ukizimika, kaa mpaka kishindo kipite, maana hapo katikati ndio watu wanapoumia. Ikiwa ni nyuklia kweli, baada ya hapo ingia ndani ya jengo la zege, katikati yake au chini, mkae humo angalau siku nzima kwa sababu ya vumbi la mionzi linaloshuka, saa za mwanzo ndio kali kupita zote.

---

Msafiri KE:

Nesi hiyo ya madirisha nimeituma kwa group ya familia saa hii. Na nyongeza ndogo, joto linasafiri na mwanga, hilo halingoji. Kwa mabomu makubwa zaidi moto unafika mbali kuliko kishindo, kwa hivyo mtu anaweza kuchomeka kabla hajasikia kitu. Ukuta unakukinga na hizo mbili zote.

---

Kizuiani Boy:

Aisee. Nimekuja kuuliza habari za desibeli natoka na kitu cha kuwafundisha wanangu. Mbagala 2009 sisi tulikuwa tumepanda ukuta kuangalia, watoto mabegani. Zaidi ya watu 20 walikufa siku ile na wengi wetu tulikuwa tunakimbilia kule kule moshi unakotoka.

Kumbe hata wale maafisa wa Marekani waliosimama chini ya mlipuko makusudi ni kweli? Kuna mtu kanitumia PM.

---

Ticha wa Fizikia:

Ni kweli. 19 Julai 1957, Nevada, maafisa watano na mpiga picha mmoja walisimama chini wakati kombora la nyuklia la karibu kilotoni 2 linalipuliwa juu ya vichwa vyao, zaidi ya kilomita 5 juu. Kwa umbali ule wimbi lilifika limeshakuwa kishindo tu. Yalikuwa ni matangazo, walitaka wananchi waamini kwamba silaha ile ikitumika juu ya miji yao hakuna shida. Usiwape watu wa kijiweni kama ushahidi kwamba nyuklia haina madhara, wape kama ushahidi wa umbali.

---

Mjukuu wa Pugu:

Samahani kuvamia uzi, Nesi nakuomba. Mjomba wangu alikuwa Gongo la Mboto ile 16 Februari 2011 mabomu ya kambi yalipolipuka usiku, tangu hapo sikio la kushoto linapiga mlio mwembamba usiku kucha na anasikia nusunusu. Huwa wanamtilia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kila mtu anasema litafunguka. Kuna matumaini kweli baada ya miaka yote hii?

---

Nesi wa Zamu:

Pole sana kwa mjomba. Mafuta waache leo hii, na pamba, na maji ya kitunguu, na chochote kile. Kama ngoma ina tundu unapeleka uchafu moja kwa moja sikio la kati, ataanza kutoa usaha.

Kuna mambo mawili tofauti hapo. Ngoma ikipasuka tundu dogo mara nyingi linajiziba lenyewe ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi miwili mitatu, na lisipojiziba linaweza kuzibwa kwa upasuaji hata ikiwa imepita miaka, hilo matumaini yapo. Lakini ndani zaidi, kwenye konokono ya sikio, kuna vinyweleo vinavyopokea sauti, kishindo kikiviua havioti tena, na huo mlio wa usiku mara nyingi unatoka huko. Hapo dawa ya kurudisha haipo, ila kifaa cha kusaidia kusikia kinamsaidia kuongea na watu, na wengi wakishavaa hata ule mlio unapungua kuwasumbua maana sikio linapata kitu kingine cha kusikiliza.

Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, aangaliwe ngoma na apimwe usikivu masikio yote mawili. Mwambie daktari tangu mwanzo kwamba ilikuwa mlipuko, na mwaka gani. Kama ana karatasi za hospitali za kipindi kile aende nazo.